Rosa, Zakaria na sheria ya 1971



Katika kikao chetu cha vitabu hapa Stockholm tumeisoma upya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mimi niliisoma mara ya kwanza bwenini, kwa kificho, maana ilikuwa na sifa ya kitabu kilichopigwa marufuku shuleni. Nakala yetu haikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Kwa hiyo kwa miaka mingi Rosa wangu alikuwa hai. Nilidhani ni mwalimu mahali fulani, anasahihisha madaftari. Nilikuja kujua kwamba alijiua nikiwa tayari nasoma uhandisi Ulaya, na nilimkasirikia mwandishi.

Bado namkasirikia kidogo. Kezilahabi, aliyefariki 2020, alimwona vizuri Zakaria: baba mlevi wa Ukerewe anayempiga mkewe, na anayewalinda mabinti kwa fimbo mpaka Rosa anafika shule hajui namna ya kuzungumza na mwanamume. Hapo riwaya ina nguvu. Lakini Rosa anapelekwa Morogoro kusomea ualimu, na elimu hiyo haimsaidii kitu. Mwanamume anamkataa kwa kuwa si bikira, basi maisha yamekwisha. Binti yangu, aliyezaliwa huku, aliuliza, "Baba, kwani hakuwa na kazi?" Sikuwa na jibu. Mwandishi anamlaumu Zakaria, lakini mwishoni anakubali kipimo kile kile cha akina Zakaria.

Wenzangu wengine walisema hayo ni ya zamani, sasa wanawake wetu wamefika. Ni kweli, tuna la kujivunia. Tangu Machi 19, 2021 Rais wa Tanzania ni Samia Suluhu Hassan. Viti maalum vimejaza Bunge wanawake, ingawa majimboni wanaoshinda bado ni wachache. Lakini mhandisi hapimi daraja kwa kibao cha uzinduzi, anashuka chini kutazama nguzo.

Riwaya ile ilitoka 1971. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Ndoa. Kwa zama zile ilikuwa sheria ya maendeleo, kwani ilikusanya ndoa za dini, mila na serikali chini ya paa moja. Lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana mpaka 18. Kwa msichana wa chini ya miaka 18 ilitakiwa idhini ya baba, na zamu ya mama ilifika tu ikiwa baba amekufa. Maana yake, maadamu Zakaria yu hai, mkewe Regina hana neno, hata akiwa ndiye mwenye akili nyumbani.

Rebeca Gyumi alikipeleka kifungu hicho Mahakama Kuu, akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019; Mahakama Kuu ilikuwa imetoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ukapita bila marekebisho. Na tusijitukuze tulioko huku: Sweden nayo mpaka 2014 iliweza kutoa kibali cha ndoa kwa walio chini ya miaka 18.

Kwa upande wa shule, msichana aliyepata mimba alifukuzwa kwa miaka mingi, na 2017 Rais Magufuli alitamka wazi kwamba hatarudi. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa. Kabla ya hapo, baadhi ya mama hao wadogo walikwisha kupokelewa, pamoja na watoto wao, katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanza 1975 kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga folkhögskola. Tunapita mbele ya shule hizo hapa kila siku bila kukumbuka kwamba zina ndugu zao kwetu. Rosa angekuwa na pa kwenda.

Kikao kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya mzee mmoja tunayemheshimu sana. Alisema idhini ya mzazi ni ulinzi wa binti, tusiige kila kitu cha Wazungu. Nikamjibu, "Shikamoo mzee, naomba ufungue tena kurasa za Zakaria." Sheria ile haikuuliza kama baba anayetoa idhini amelewa. Mzee amekichukua kitabu. Mpaka leo hajakirudisha.