Saksafoni Kuukuu na Mkono wa Fundi

Anayetafuta saksafoni tenori ya zamani huku mfuko wake ni mwepesi hukutana kwanza na jina moja: Selmer Mark VI. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1954, ikaendelea kwa takriban miaka 20, na hadi leo wapigaji wanaitaja kwa heshima. Ni ala nzuri kweli, na sina nia ya kuipunguzia sifa. Lakini bei yake ni maelfu ya dola, na mwalimu wa kwaya au kijana wa bendi ya ukumbini hazipati. Basi tuiache huko juu ilipo, tuvuke bahari mpaka Elkhart, mji wa jimbo la Indiana nchini Marekani. Huko ndiko zilikotoka saksafoni ambazo mwenye fedha chache na masikio mazuri anaweza kuzinunua na kuishi nazo.

Viwanda vya Conn, Buescher na Martin vyote vilikuwa Elkhart. Gus Buescher alikuwa mfanyakazi wa Conn kabla ya kuanzisha kiwanda chake mwenyewe. Mashariki zaidi, katika jiji la Cleveland, H. N. White alitengeneza zile zenye jina la King. Miaka ya 1920 Marekani ilipagawa na saksafoni, viwanda vikazitoa kwa wingi, na nyingi zimebaki hadi leo darini, chini ya vitanda na kwenye stoo za shule. Wingi huo unashusha bei. Sababu nyingine ni vidole: wapigaji wa sasa wamezoea mpangilio wa vitufe wa Selmer, na vile vya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye saksafoni nyingi za kale za Kimarekani ni vizito na vimekaa vibaya. Mwenye subira huvizoea. Lester Young, mpiga tenori wa jazi, alipiga Conn. Dexter Gordon naye, katika miaka yake ya ujana, alipiga Conn ile ya 10M yenye picha ya mwanamke iliyochorwa kwenye shaba. Hakuna aliyewasikia akafikiri vidole vyao vilikwama.

Sisi tuliolelewa na rumba ya Kongo hatuhitaji kushawishiwa juu ya ala hii. Jean Serge Essous alikuwapo OK Jazz ilipoanza mwaka 1956, na baadaye Verckys Kiamuangana Mateta akaipulizia bendi hiyo kwa nguvu ambayo waliomsikia hawajaisahau. Tulichokosa ni maarifa ya chombo chenyewe: kimeundwaje, kinaharibika wapi, na nani anaweza kukirudishia pumzi.

Tuanze na matundu, maana humo ndimo ilimo tofauti ya viwanda. Mafundi wa Conn waliivuta shaba ya mwili wenyewe kuunda kila tundu, kisha wakaukunja ukingo kwa nje ukawa mviringo laini, ili pedi, yaani duara la felti lililovikwa ngozi linaloziba tundu, ikalie mgongo mpana. Waliendelea hivyo hadi miaka ya 1940. Martin walilitengeneza kila tundu peke yake na kulilehemu juu ya mwili, kazi ya mikono yenye gharama kubwa. Buescher hawakuibandika pedi kwa gundi. Waliibana kwa kifungo kidogo cha chuma katikati ya kifuniko, na baadaye wakatumia spiringi zenye skrubu, ambazo ikivunjika moja fundi huifungua na kuweka nyingine. Ukizitazama saksafoni hizi tatu kwa karibu unaona watu waliofikiri kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja akitafuta namna ya kuzuia hewa isitoroke.

Na palepale penye ubunifu ndipo mnunuzi anapopaswa kukagua. Ukingo uliokunjwa wa Conn ukipigwa tupa na mtu mwenye haraka, mkunjo unapasuka, na kuurudisha ni kazi ngumu sana. Risasi iliyolehemu matundu ya Martin huliwa na kutu taratibu, hewa ikapenya mahali ambapo jicho halioni kitu. Buescher nyingi zimekatwa vile vifungo vyake na warekebishaji waliotaka kubandika pedi za kawaida, na kila ninapokutana na moja iliyofanyiwa hivyo nasikitika, kwa sababu mtu aliharibu akili ya mwenzake ili kuokoa saa chache.

Kuna mitego miwili ambayo hakuna fundi anayeweza kukutoa ukishanasa. Wa kwanza ni saksafoni ya sauti ya C, iliyouzwa sana miaka ile ya 1920 kwa ajili ya kupigwa nyumbani pamoja na piano. Kwenye picha inafanana na tenori, na wauzaji wengi wasiojua huiita tenori kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni rahisi: mwombe muuzaji abonyeze noti ya C na apulize mbele ya kipima sauti. Tenori halisi itaonyesha B bapa. Ile nyingine itaonyesha C. Mtego wa pili ni ala zilizotengenezwa kwa kipimo cha juu, ambacho A yake iko karibu na mitetemo 457 kwa sekunde badala ya 440. Hazipatani na bendi yoyote ya leo. Usidanganywe kwamba ukivuta kipulizio nje kidogo mambo yatakaa sawa, kwani matundu yenyewe yamepangwa kwa bomba fupi, na ukirekebisha noti moja nyingine zinakimbia. Tafuta herufi karibu na namba ya ala: L au LP ni salama, H au HP, iache.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa saksafoni za zamani mimi nasita. Ile inayong'aa kama mpya mara nyingi imesuguliwa kwa mashine na kupakwa vanishi upya, na kila msuguo umekula shaba kidogo. Itazame michoro kwenye mdomo wake: ikiwa mistari imefifia, chuma kimeondoka. Wakusanyaji huikimbia ala kama hiyo, bei ikaanguka, na hapo mwenye bajeti ndogo anapata bahati yake, mradi msuguaji hakuzidisha, maana iliyopakwa upya bado inaweza kuimba vizuri. Kinachonitisha zaidi ni mwili uliopinda kwa kuanguka, na shingo iliyolala. Shingo ya tenori husukumwa chini na mkono wa anayeingiza kipulizio kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, mpaka bomba linakuwa yai badala ya duara. Ishike kwa upande, ufuate mstari wake wa chini kwa jicho; mahali penye mkunjo patajitokeza.

Nakuomba pia usiihukumu ala kwa kipulizio kisicho chake. Saksafoni za miaka ya 1920 zilibuniwa kwa vipulizio vyenye chumba kipana ndani. Ukitia cha kisasa chenye chumba chembamba, noti za juu zinapanda, na mtu anarudisha dukani ala isiyo na kosa.

Lakini hata ukichagua vyema, ulichonunua bado ni shaba tu. Saksafoni iliyolala miaka 40 kwenye boksi haipigi. Pedi zimekauka na kuwa ngumu, vizibo vimemomonyoka, skrubu zimeshikana na kutu. Anayeifanya iwe ala tena ni fundi, na mimi ningependa jina lake liandikwe karibu na la kiwanda.

Anaanza kwa mafuta na kungoja, kwa sababu skrubu iliyolazimishwa hukatika kichwa. Anavua vitufe vyote, anaosha mwili, anaondoa mibonyeo kwa vyuma vya mviringo vinavyosukuma kutoka ndani. Kila kitufe kimezunguka kwenye mhimili wake kwa miongo, kimejilia nafasi, na kinacheza huku na huku. Kitufe kinachocheza hakifungi mahali pamoja mara mbili, hivyo pedi mpya juu yake ni fedha iliyotupwa. Fundi hukibana kibomba chake kwa koleo maalumu mpaka chuma kirefuke kiasi cha unywele na mchezo uishe. Kazi hii haionekani kwenye picha yoyote ya tangazo, nayo ndiyo inayotenganisha matengenezo ya kweli na ya kupaka rangi.

Kisha zinakuja pedi. Anayeyusha gundi kwa moto mdogo, anakalisha pedi, anazima taa za chumba na kuteremsha balbu nyembamba ndani ya bomba. Panapovuja panawaka. Anapasha moto tena, anainamisha kifuniko kidogo, anatazama tena. Baadaye anachukua ukanda wa karatasi nyembamba, anaufungia chini ya pedi na kuuvuta, upande huu na upande ule, akisikiliza kwa vidole kama unashikwa sawasawa pote. Kuna vifuniko vinavyopaswa kufunga viwili kwa wakati mmoja, na kipande cha kizibo kilichozidi unene kwa sehemu ndogo ya milimita kinatosha kufanya kimoja kitangulie na noti zote za chini yake zigome.

Malipo ya kazi hiyo mara nyingi hulingana na bei ya ala au kuizidi. Wanunuzi wengi hulalamika hapo, na mimi siungi mkono malalamiko yao. Fedha iliyomwendea muuzaji imenunua chuma. Hii ya pili imenunua B bapa ya chini kabisa inayotoka kwa pumzi ndogo, bila kukaba kitufe kwa nguvu, na hicho ndicho ulichokuwa ukikitafuta tangu mwanzo. Kwa hiyo mtafute fundi kabla hujaitafuta saksafoni. Mweleze kiasi chote ulicho nacho, mwachie nusu yake, halafu umletee picha kabla ya kulipa: namba na herufi zake, kingo za matundu, shingo kwa upande, na mihimili ya vitufe vya chini.