Khabari ya Maradhi ni Amana

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno haya waliwaambia wagonjwa, wale wanaoona haya kusema wanaumwa wapi mpaka dawa ikawapita. Lakini je, hukumu ni ipi pale anayeficha si mgonjwa, bali ni yule aliyekabidhiwa mgonjwa? Hili ndilo swali ambalo maradhi ya korona yametuachia sisi watu wa pwani, nalo halijajibiwa sawasawa. Tunaliandika si kwa kutafuta aibu za watu, kwani baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Bali kwa sababu maradhi mengine yatakuja, nasi tutarudi kwenye serikali ile ile na hospitali zile zile.

Tuyakumbuke mambo kwa mpango wake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kwenye milango ya misikiti na masoko, na Wizara ya Afya ikawa inataja idadi ya waliougua na waliokufa. Ulipofika mwisho wa Aprili, hesabu za Bara zikanyamaza. Kwa zaidi ya mwaka mzima dunia ilibaki na hesabu moja tu ya Tanzania: wagonjwa 509 na vifo 21, Bara na Visiwani pamoja. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa siri, zikapewa majina ya watu, na baadhi zikaonekana zina korona. Mwezi wa Juni ikatangazwa kwamba nchi imeokoka kwa dua.

Haki lazima isemwe. Uamuzi wa kutowafungia watu majumbani ulikuwa na hekima yake. Mama wa Mlingotini anayefunga mwani kwenye kamba wakati wa maji ya bamvua, na mvuvi anayeuza samaki wa leo apate unga wa leo, hawana ghala. Kuwaambia wakae ndani miezi mitatu ni kuwakimbiza homa na kuwakabidhi njaa. Misikiti nayo iliachwa wazi, na wengi walimshukuru Mola kwa hilo. Lawama yetu haiko hapo. Lawama ni kwamba watu waliachwa watembee, kisha wakanyimwa khabari ya njia.

Ndugu msomaji, zingatia mafundisho ya dini yetu. Bwana Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba tukisikia twauni imeingia nchi fulani tusiiendee, na ikiingia nchi tuliyomo tusiikimbie. Sasa mtu atatii vipi amri hii kama hajui maradhi yako wapi? Amri yenyewe imejengwa juu ya khabari. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake, na Abu Ubayda (r.a.) miongoni mwao, walitoka wakamwambia wazi kwamba twauni imeingia. Hawakusema, tunyamaze tusimtie Khalifa khofu. Umar akataka shauri la Muhajirina, kisha la Ansari, kisha la wazee wa Kikureshi. Wakakhitilafiana, naye akawasikiliza. Ndipo akatangaza kwa watu wote kwamba atarudi Madina. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kwamba anatoka kwenye kadari Yake na kwenda kwenye kadari Yake. Mambo matatu yalifanyika pale: khabari ilisemwa, shauri lilitakwa, na uamuzi ulitangazwa. Pima hayo na yale ya mwaka 2020.

Vivyo hivyo katika ibada. Sharia imemruhusu mgonjwa, na mwenye khofu ya kweli, asihudhurie sala ya jamaa. Lakini imamu wa kijijini atawaambia nini wazee wenye pumu na sukari, naye hajui kama maradhi yamo Bagamoyo mjini au yamekwisha? Atakisia tu. Na ole wetu ikiwa maisha ya wazee wetu yanategemea kukisia.

Wako watakaosema kwamba Qurani yenyewe, katika Sura An-Nisaa aya ya 83, imewakemea wanaotangaza kila khabari ya amani au ya khofu kabla ya kuirudisha kwa wenye mamlaka. Ni kweli, na aya hiyo inatuhusu hasa sisi tunaopelekeana maneno ya simu usiku kucha bila ya kuyachunguza. Lakini tuisome yote. Khabari inarudishwa kwa wenye mamlaka ili wajuao waichunguze na ukweli utoke. Haikuelekezwa ifikishwe kwao ikazikwe. Mwaka 2020 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikataza kutangaza khabari za mlipuko wa maradhi bila ya idhini ya wahusika. Basi raia alizibwa mdomo, na mwenye idhini naye hakusema. Amana ikapotelea katikati.

Na kama vipimo vya maabara vilikuwa na kasoro, kila mwenye duka anajua la kufanya. Mizani ikikosea hurekebishwa. Hakuna mwenye dini anayeitupa mizani akaendelea kuuza kwa kukadiria, na akawaambia wateja kwamba hakuna aliyepunjwa.

Tuje kwenye hospitali. Katika Dar es Salaam, Hospitali ya Amana ilitengwa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa korona. Na jina lake lingetosha kuwa mawaidha kwetu sote. Picha za maziko ya usiku zikaenea katika simu. Tarehe 13 Mei Ubalozi wa Marekani ukaandika kwamba hospitali nyingi za jijini zimezidiwa, Serikali ikakanusha. Mtu wa Mlingotini amsadiki nani? Watu wakaogopa hospitali kuliko maradhi. Mgonjwa aliyestahiki oksijeni akafukizwa majani chini ya blanketi, kwa kuwa jamaa zake walichelea kwamba akiingia wodini hatatoka, na akitoka hawatamwosha wala kumsalia. Kumwosha maiti na kumsalia ni faradhi ya kifaya; kwa Mwislamu si jambo dogo. Na lilikuwa na njia: Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu Machi 2020 kwamba wanaomwandaa maiti kwa maziko wavae glovu. Jozi ya glovu na maneno mawili ya upole ya tabibu yangeondoa nusu ya khofu ile.

Hapa nataka kumtaja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyefariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021. Alipougua, chama chake kilisema wazi kwamba ana korona, wakati ambapo jina hilo lilikuwa halisemwi. Mgonjwa hakuficha. Methali ya wahenga haikumpata yeye.

Alhamdulillahi, baadaye mambo yalibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu. Juni 2021 akataja idadi ya wagonjwa na waliohitaji oksijeni, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya macho ya watu. Lakini watu walioambiwa Januari kwamba chanjo za nje zina shaka, wakaambiwa Julai waikimbilie, walisita. Na nani atawalaumu? Imani haigeuzwi kama tanga. Na desturi ya zamani haijafa: Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliposema kuna dalili za Marburg mkoani Kagera, Wizara ilisema vipimo havikuonyesha kitu; siku chache baadaye, tarehe 20, Rais mwenyewe akathibitisha mgonjwa wa Biharamulo. Ukweli ulitoka, na tunashukuru. Lakini siku hizo chache, katika maradhi yauayo namna ile, ni nyingi.

Basi tunayoyataka si makubwa. Serikali itaje hesabu, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa pungufu, na iseme kwamba ni pungufu. Hospitali iwaambie jamaa jina la maradhi ya mtu wao, na iwafundishe namna ya kumwosha badala ya kuwanyima. Na sisi wa majumbani tuache kuficha wagonjwa vyumbani na kupokezana uzushi, kwani hatuwezi kudai amana kwa wakubwa na hali tunaivunja uani mwetu.

Mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, mwenye nchi na mwenye nyumba pia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka katika maradhi yale, waliohesabiwa na wasiohesabiwa, kwani Kwake hakuna aliyesahauliwa. Amin.