Sifa za Wanaoitikia

Watu wakitoka kuona mchezo wa nyimbo humsifu mwimbaji mkuu, na anastahili. Mimi miaka mingi ya uigizaji nimeimalizia safu ya nyuma, miongoni mwa wale ambao majina yao huchapwa kwa herufi ndogo kwenye kijitabu cha onyesho. Kwa niliyoyaona huko, naamini mchezo wa aina hii husimama kwa nguvu za waitikiaji.

Chukua sauti moja ndefu. Wimbo umefika kileleni, kiongozi wa muziki ameinua mkono, anataka tuishikilie hadi taa zizimwe. Hakuna kifua kinachoweza kazi hiyo peke yake, tena baada ya kucheza ngoma jukwaa zima. Basi tunagawana pumzi. Wa kulia kwangu anaififisha sauti yake polepole, anavuta hewa huku mdomo ukiwa wazi vilevile, kisha anarejea taratibu, bila kishindo. Akisharudi, ndipo natoka mimi. Mwiko ni kupumua pamoja na jirani yako. Mwiko mwingine ni kupumua mwisho wa mstari, maana hapo ndipo kila mtu anapotamani kupumua. Aliyekaa kitini husikia sauti isiyokatika, wala hajui kwamba ndani yake watu wanapokezana. Ujuzi huo haufundishiki nyumbani mbele ya kioo. Unaupata kwa kuyazoea mabega ya mwenzako, mpaka uyajue yanapoinuka.

Wakati huohuo miguu inahesabu hatua, na uso una kazi yake. Wewe ni mchuuzi sokoni au mwanafunzi darasani, na mwanafunzi huyo ana mama, ana njaa, ana sababu ya kuwa pale. Mwelekezi hodari humuuliza kila mwitikiaji jina la mhusika wake, hata kama hana neno la kusema peke yake. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda wa mazoezi. Mimi naona hapo ndipo umati unapogeuka kuwa watu.

Mtunzi wa Afrika Kusini, Mbongeni Ngema, alilijua hilo. Mchezo wake wa nyimbo, Sarafina!, ulioanza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987 na kufika Broadway mwaka uliofuata, unatokana na maasi ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976. Leleti Khumalo aling'ara kama Sarafina, lakini mhusika hasa ni darasa zima. Waondoe wanafunzi wale na muziki wao wa mbaqanga, utabaki na msichana anayeota peke yake, ilhali maasi yenyewe yalikuwa ya wengi.

Na kwetu Kenya kuna Kamirithu, Limuru. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, uliigizwa huko mwaka 1977 na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama walikuwa wakisahihisha: ngoma hii haichezwi hivyo. Serikali iliupiga marufuku mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 mchezo mwingine wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Maitũ Njugĩra, uliosheheni nyimbo hata zaidi, ulinyimwa kibali. Watu wakafurika kwenye mazoezi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukumbi wa wazi wa Kamirithu ukabomolewa. Sishangai kwamba wakubwa waliogopa. Mwandishi unaweza kumfungia, lakini wimbo ulioitikiwa na kijiji kizima umeshalala katika kila nyumba.

Siku hizi bajeti ikibana, cha kwanza kupunguzwa ni waitikiaji. Sauti zao zinarekodiwa, zinachezwa kwenye spika, na jukwaani wanabaki wachache wa kujaza nafasi. Nawaelewa waandaaji, kodi ya ukumbi si mchezo, lakini nawasihi wasifanye hivyo. Rekodi haimsikilizi mtu. Usiku mmoja mwimbaji mkuu wetu alipotewa na maneno katikati ya ubeti. Mwenzetu wa besi akarudia kiitikio bila kuambiwa, sote tukamfuata, mpiga kinanda akatufuata sisi. Tulikizungusha kiitikio kile mpaka tukamwona dada yule akijaza kifua, tukashusha sauti, akaingia na ubeti wake.