Mama yake Simba Hakufa: Wazazi Wanaopotea Kwenye Filamu za Watoto

Ukimwekea mtoto Finding Nemo (2003), una kama dakika nne hivi kabla mama hajaliwa na mzia, yeye pamoja na mayai yake yote isipokuwa moja. Kwenye Tarzan (1999) wazazi wanauawa na chui wakati bisi bado za moto. Bambi (1942), risasi ya mwindaji. Frozen (2013), meli inazama na baba na mama wakiwa ndani. Na hizi ndizo tunaziita filamu za familia.

Siyo hisia zako tu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Ian Colman na wenzake. Walichukua katuni 45 zilizoingiza fedha nyingi, tangu Snow White ya 1937 hadi Frozen, wakazilinganisha na filamu za watu wazima za miaka hiyohiyo, zikiwemo za kutisha. Hesabu waliyotumia ni ile ambayo madaktari hutumia kujua wagonjwa wa saratani wanaishi muda gani baada ya kugundulika: unawasha saa, unasubiri mtu wa kwanza afe. Wakakuta kwamba mhusika muhimu kwenye katuni ana hatari ya kufa mara mbili na nusu ya mwenzake wa filamu za wakubwa. Kwa wazazi wa mhusika mkuu, hatari inafika takribani mara tano. Lilikuwa toleo la Krismasi, ambalo BMJ huruhusu utani kidogo, ila hesabu yenyewe haikuwa utani.

Kwa nini lakini? Kuna maelezo yanayopendwa sana, kwamba Walt Disney alikuwa na majonzi ya mama yake, aliyekufa kwa gesi mwaka 1938 kwenye nyumba aliyonunuliwa na wanawe. Inasikitisha, sawa. Ila Snow White, yatima anayeteswa na mama wa kambo, alishatoka sinema Desemba 1937. Jibu la kawaida zaidi ni la fundi: filamu ina dakika tisini, na mzazi mwenye akili timamu akiwepo, matatizo yanaisha dakika ya kumi. Mzazi anasema "wewe, rudi ndani," na hadithi imekwisha. Basi anaondolewa. Hata sisi huku, hadithi za jioni zimejaa yatima na mama wa kambo, kwa hiyo tusijifanye hii ni tabia ya Wazungu peke yao.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko kwenye kifo. Uko kwenye kinachofuata. Colman na wenzake walihesabu waliokufa. Mimi ningependa mtu ahesabu waliobaki, kwa sababu hapo ndipo filamu hizi zinapodanganya.

Chukua The Lion King (1994). Muulize mtoto yeyote aliyeiona kibanda umiza: mama yake Simba alikufa? Wengi watasita. Hakufa! Sarabi yuko hai mwanzo mpaka mwisho, na majike wengine wapo. Simba siyo yatima kamili, lakini filamu inamlea kwa nguchiro na ngiri, kwa kula wadudu na kuambiwa hakuna matata. Mama yake anabaki nyuma kama fanicha.

Simba halisi hawako hivyo. Serengeti wanafuatiliwa na watafiti tangu George Schaller aanze kazi mwaka 1966, na picha yao inajulikana vizuri. Kundi la simba ni la majike: mama, dada, shangazi, nyanya. Wanalea watoto kwa pamoja, na jike hunyonyesha hata wa mwenzake. Madume ndiyo yanayokuja na kuondoka, na yakija mapya huua watoto wadogo waliowakuta. Yaani hofu ya filamu ni ya kweli kabisa. Kilichofutwa ni ukoo wa kike unaosimama katikati.

Na kwa binadamu? Hapa huna haja ya kwenda mbali, maana moja ya ushahidi maarufu duniani umetoka kwetu, nchi ya Wahadzabe, kuanzia kingo za Ziwa Eyasi hadi Bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifuatana na kina mama wakichimba mizizi porini. Walichokiona ni kwamba mama akishajifungua, muda wake wa kutafuta chakula unapungua, na uzito wa mtoto wake mkubwa, yule aliyeachishwa ziwa, unaanza kwenda na bidii ya bibi. Bibi akichimba sana, mjukuu ananenepa. Kutoka hapo ikajengwa hoja kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu ya kazi hiyohiyo.

Mwaka 2008 Rebecca Sear na Ruth Mace walipitia tafiti 45 (ndiyo, 45 tena) kuhusu nani humfanya mtoto aishi. Kifo cha mama ni hatari kubwa kila mahali. Kwa baba, athari ilionekana kwenye theluthi moja tu ya tafiti. Na bibi mzaa mama alikuwa msaada mara nyingi. Sasa nitajie katuni moja kubwa ambamo mama anakufa halafu bibi anakuja kumchukua mtoto. Moana wana bibi mzuri sana, ila naye wanamuua.

Nayasema haya kwa sababu tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wapo watoto waliobaki bila mzazi, na leo wanakaa mbele ya televisheni hizihizi. Sidhani wafichwe Mufasa. Kifo wanakijua kuliko waliotengeneza filamu. Ila filamu inayomwambia mtoto kwamba baada ya hapo unakimbia peke yako unamfundisha jambo ambalo si kweli, na linaumiza.

Kuna neno moja pia. Scar ni mdogo wake Mufasa, kwa hiyo kwetu ni baba mdogo. Siyo "anko", ni baba. Ukiitafsiri hivyo ubaya wake unaongezeka mara dufu, na mtoto wa huku anaelewa haraka, kwa sababu kesi za baba mdogo na shamba la marehemu anazisikia hadi jikoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto haki yake katika mali ya mzazi. Filamu inatatua kwa kumtupa Scar kwa fisi.

Kama ningechagua moja ya kuonyesha Katesh, ingekuwa Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina wa Kenya. Humo anayekufa ni mtoto mwenyewe, Jo, mpenzi wa filamu za mashujaa, anayerudishwa kijijini amalizie siku zake. Mama anapinga kwanza, dada anatunga mpango, kisha kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake. Kila mtu ana kazi. Ni nzito, usimwekee wa miaka minne. Wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kwa kuchanganya, kwa hiyo wa darasa la tatu atahitaji mtu mzima akae pembeni yake amsomee maandishi ya chini.