Kuona Koo, Kupitisha Mrija

Mgonjwa mahututi hana akiba. Mtu anayelazwa usingizi kwa upasuaji uliopangwa, akishapewa oksijeni ya kutosha, anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua na asidhurike. Mwenye nimonia nzito katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) hupungukiwa oksijeni upesi; tarakimu zake kwenye mashine zinashuka huku daktari wa usingizi ndiyo kwanza amemfungua kinywa. Ndiyo maana kazi ya kupitisha mrija kwenye njia ya hewa hupimwa kwa jaribio la kwanza.

Tuanze na njia ya zamani. Laringoskopu yenye ulimi wa chuma uliopinda, umbo alilolitoa Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943, hushikwa kwa mkono wa kushoto. Huingia upande wa kulia wa kinywa, ikausukumia ulimi kushoto, ncha ikatua kwenye kijibonde kilichopo kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kile kifuniko kinachozuia chakula kisiingie njia ya hewa. Hapo ndipo mkono unapojulikana. Anayejifunza hukunja kifundo na kuegemeza chuma kwenye meno ya juu, kama anayebandua kifuniko cha kopo la rangi. Fundi hafanyi hivyo. Hukiinua kwenda mbele na juu, bega likibeba uzito, kidakatonge kinanyanyuka na nyuzi za sauti zinajitokeza: pembetatu nyeupe yenye giza katikati. Mrija unapita humo.

Njia mpya imeweka kamera ndogo karibu na ncha ya chuma. Jicho halihitaji tena mstari ulionyooka kutoka menoni hadi kwenye zoloto. Picha iko kwenye skrini, na muuguzi aliyesimama pembeni naye anaiona. (Kwa mwalimu hii ni neema. Zamani alimuuliza mwanafunzi ameona nini, akalazimika kuliamini jibu.) Lakini kamera ikishakata kona, mrija nao sharti uikate. Nyuzi zinaonekana wazi kama mlango, na ncha ya mrija inagonga kizingiti. Ndivyo ilivyokuwa katika jaribio la MACMAN la Ufaransa, lililochapishwa 2017, kwa wagonjwa 371 wa ICU: kamera ilionyesha vizuri zaidi, ila mrija ulipita mara ya kwanza kwa asilimia 67.7, na kwa njia ya zamani 70.3. Miaka sita baadaye jaribio la DEVICE la Marekani, lenye watu wazima 1,417, likaja na asilimia 85.1 kwa kamera dhidi ya 70.8. Waliofaidika zaidi ni wenye uzoefu mdogo, na mimi sishangai: kamera humwazima anayeanza jicho la mkongwe. Mkono ataupata kwa kurudia.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakina hata taa. Ni buji, fimbo nyembamba inayonyumbulika, sentimita 60 hadi 70, ncha yake imepindwa kidogo. Hupita pale mrija unapokataa, hata nyuzi za sauti zisipoonekana sawasawa. Ikiwa ndani ya njia ya hewa, ncha hukwaruza pete za gegedu moja baada ya nyingine, na vidole husikia. Ikisukumwa zaidi taratibu hukwama kwenye matawi membamba ya mapafu. Ikipotelea kwenye umio huteleza tu, laini, bila kikomo. Jaribio la mwaka 2021 kwa wagonjwa 1,102 halikuniunga mkono: buji asilimia 80.4, waya wa kuupa mrija umbo 83.0. Sawa. Bado sijaona kifaa kingine kinachozungumza na vidole namna ile.

Mrija unafika, alama ya sentimita 21 au 23 iko menoni, puto lake linajazwa hewa. Hakuna anayeshangilia. Macho yote yanahamia kwenye mstari wa kaboni dayoksaidi ya pumzi kwenye mashine: unapanda, unatandaa juu kama meza, unashuka. Pumzi ya pili, ya tatu. Ndipo mtu anapokata plasta ya kuufungia mrija shavuni.