Kioo Kinachoumuka

Kata kipande cha povu la silikati kwa msumeno, utazame ndani yake. Matundu madogo yamebanana, na kati ya tundu na tundu kuna ukuta mwembamba wa kioo. Mita moja ya ujazo ya kioo cha dirisha ina uzito wa kilo 2,500 hivi. Ya povu hili inaweza kushuka chini ya kilo 200. Na ukiliweka kwenye mwali, haliungui.

Malighafi zake hazina makuu. Mchanga na magadi huyeyushwa tanurini, joto likipita nyuzi 1,000 za Selsiasi, vikatoka kioo ambacho, kikipigwa kwa maji na mvuke wenye mgandamizo, huyeyuka na kuwa kimiminika kizito chenye kunata, silikati ya sodiamu. Mjerumani Johann Nepomuk von Fuchs alikichunguza mwanzoni mwa karne ya 19. Siku hizi watengeneza sabuni hukitia kwenye miche yao. Katika Ziwa Magadi, Kenya, yanakovunwa magadi, maji ya ziwa yenyewe hubeba silika nyingi iliyoyeyuka. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster alieleza madini ya silikati ya sodiamu yaliyojitengeneza humo, yakaitwa magadiiti.

Ufundi unaanzia kwenye maji. Kimiminika cha dukani huwa zaidi ya nusu yake ni maji, na ukikimwaga moja kwa moja juu ya bamba la moto, mvuke hutoka kwa fujo, mapovu yanapasuka, unabaki na magamba. Kwa hiyo fundi hukikausha kwanza, taratibu, hadi kiwe kigumu lakini bado kimeficha maji kiasi. Akikausha mno, hapana mvuke wa kukiumua. Akibakiza maji mengi, kuta zinalegea, matundu yanaungana, na povu linanywea kama andazi lililotolewa mafutani kabla ya wakati.

Kisha huja moto wa haraka, wa nyuzi mia kadhaa. Silikati inalainika wakati uleule maji yanapogeuka mvuke. Mvuke unasukuma, ukuta unavutika. Na kadiri maji yanavyotoka, ukuta nao unakakamaa. Maji yanaumua kwa kupanuka, yanagandisha kwa kuondoka. Kazi yote ya fundi ni kuhakikisha mambo hayo mawili hayapishani.

Wako wanaoumua bila moto mkali: hutia unga wa alumini, ambao ndani ya silikati hutoa gesi ya haidrojeni, pamoja na dawa ya kugandisha. Hesabu haibadiliki. Gesi ikiwahi, hutoroka. Mgando ukiwahi, gesi haina pa kwenda.

Kwa Marekani, elimu rasmi ya moto wa namna hii, wa tanuri, ina mizizi Columbus, Ohio. Katika chuo kikuu cha jimbo, Edward Orton Mdogo alianzisha mwaka 1894 masomo ya kwanza ya uhandisi wa seramiki Marekani. Miaka miwili baadaye akaanza kutengeneza koni ndogo za udongo zinazoinama tanurini. Koni hizo hazisomi joto peke yake: hupima joto pamoja na muda ambao chombo kimekaa motoni. Mwenye kuumua silikati anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kushika koni.

Udhaifu wa povu hili ni unyevu, kwa kuwa kilichoyeyuka majini huweza kuyeyuka tena. Ndiyo maana huongezwa oksidi ya zinki au misombo ya kalsiamu, kazi ya ziada ambayo haionekani kwa macho. Hata hivyo, kuna mahali ambapo silikati huachwa kwa makusudi bila kuumuliwa: katikati ya vioo vya kuzuia moto, kama Pyrostop ya Pilkington. Tabaka lake ni angavu, mtu huona upande wa pili miaka nenda miaka rudi. Nyumba ikiungua, kioo cha kwanza hupasuka, tabaka likaumuka, likawa povu zito linalozuia joto. Fundi aliyepima maji yake kiwandani ameshamaliza zamu. Kipimo chake ndicho kinachowapa watu dakika za kutoka.