Papa Wemba: anza na Molokaï, acha Emotion ingoje

Rika letu linamjua Papa Wemba kwa mambo mawili: nguo, na ile video ya Abidjan. Tarehe 24 Aprili 2016, ku jukwaa la FEMUA, Mzee anaanguka nyuma ya wachezaji wake, na wao wanaendelea kucheza kwa sababu hawajamuona. Mtu akitafuta Papa Wemba live, hiyo ndiyo inatokea mbele. Miaka zaidi ya arobaini ya jukwaa, tangu Zaïko Langa Langa mwaka 1969, na sisi tumebakiza dakika ya kifo chake. Mimi naona ni aibu kwetu, siyo kwake.

Basi tuongee muziki.

Ukiuliza ma-étudiant wa Goma albamu yake bora, wengi wanakujibu Emotion. Ilitoka 1995 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na aliyeitengeneza ni Stephen Hague, yule wa Pet Shop Boys. Yolele ni tamu, sitabishana na mtu. Lakini sikiliza albamu nzima, kwa utulivu. Nyimbo ni fupi fupi, vinanda vya umeme vimejaa kila kona, na sebene iko wapi? Wameikata. Mtu wa hapa kwetu anajua wimbo unapanda taratibu, sauti zinabembeleza, kisha gitaa linafungua mlango na watu wanasimama. Ku Emotion unafika mlangoni, wimbo unaisha. Na ile ya Otis Redding aliyorudia mule ndani, kusema kweli, inaonyesha tu kwamba Mzee anaweza kuimba chochote. Hilo tulilijua.

Kuna moja inayoniumiza kila mara: Awa Y'Okeyi. Sauti na piano, basi. Mama yake Wemba alikuwa mwimbaji wa misiba, alikuwa anamchukua mtoto matangani, na yeye mwenyewe alimtaja kama mwalimu wake wa kwanza. Pale unasikia hilo somo. Sauti ile nyembamba ya juu haikuzaliwa studio, ilizaliwa penye watu wanalia.

Na hapo ndipo ninapopata kipimo changu: Wemba anapanda akiwa na watu karibu, anashuka akiwa peke yake na mashine.

Molokaï, ya 1998, inanipa haki. Ni studio ileile ya Uingereza, lakini safari hii produkta ni John Leckie, aliyefanya The Bends ya Radiohead, na bendi inapiga pamoja kama iko jukwaani. Jina lenyewe ni la nyumbani: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda, Inzia, zile barabara za Matonge, Kinshasa, ambako alijiita chifu wa kijiji. Sikiliza Esclave. Waimbaji wanamjibu, naye anabadilisha njia kwa sababu wamemjibu. Ngoma inavuta pumzi. Kuna siku niliisikiliza Kalengera, ku spika ya kijana anayechajia watu simu kando ya barabara ya Rutshuru. Dereva mmoja wa Fuso akazima moto ili asikie vizuri. Emotion sijaona ikizima gari la mtu.

Mtu ataniambia: lakini Molokaï pia ilitengenezwa kwa ajili ya wazungu! Ni kweli. Excuse Me ni wimbo wa zamani aliourudia kwa masikio ambayo hayakuujua. Tofauti ni kwamba hapo hakuubana ili wauelewe.

Upande wa Kinshasa, na Viva la Musica aliyoianzisha 1977, shida ni ya kinyume. Hapo sebene iko, tena mingi kabisa, na mabanga juu yake: majina ya matajiri mpaka unasahau wimbo ulikuwa wa nini. M'Zée Fula-Ngenge ya 1999 (neno letu la Kiswahili ku jalada, asante sana) naisikiliza kwa kuruka. Somo Trop ya 2003, mwaka ule alipofungwa Ufaransa kwa kesi ya viza, ni ndefu na haina mpangilio, ila Numéro d'écrou, ile ya gereza, nisingeifuta kwa simu yangu hata nafasi ikiisha.

Molokaï nayo ina kasoro yake, nisiifiche. Ni safi mno. Hakuna mtu anayepiga mluzi, hakuna mama anayepanda jukwaani kubandika noti ku paji la uso la muimbaji. Kwa hiyo weka spika nje, siyo ekuta ku masikio, na uwaache majirani wajaze hiyo sehemu.